Somo la Kichwa Ipagala

Shangazi mtu ndiye aliyejitolea kukalia kiti akandwe kichwa. Ilikuwa kicheni pati ya watu wa Ipagala, mwezi wa saba, baridi ile ya Dodoma inayotembea na upepo wa vumbi, na wanawake chini ya turubai walikuwa wamejitanda khanga juu ya vitenge. Somo, yaani kungwi wa mwali, alikuwa ametolewa Tanga. Alipomaliza mambo ya jikoni na ya chumbani, akasema sasa anamtaka msusi, kwa sababu limebaki jambo la mikono na vidole vyake yeye vimeshakakamaa. Nikasimama na taulo langu begani.

"Mwali, sogea uone," somo akasema. "Mume anarudi kichwa kizito, wewe unampokea na habari za gesi imeisha. Mshike kichwa kwanza. Gesi utamwambia baadaye, tena mwenyewe atauliza ya shilingi ngapi."

Vigelegele. Wakanyamaza nilipoomba mafuta, maana hapo ndipo wengi huanza kuharibu. Mtu aliniletea kopo la mafuta ya nazi yameganda, meupe kama samli. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Julai kwetu iko chini sana ya hapo. Nikaomba ya alizeti, ambayo katika mkoa huu hayakosekani jikoni, nayo baridi yetu haiyagandishi. Kichupa kidogo tukakitia ndani ya kikombe cha maji ya moto kwa dakika 5, kisha nikajaribu tone moja kwenye kiwiko cha mkono. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kichwa kizima. Ukizidisha, vidole vinateleza juu ya ngozi badala ya kuishika, na hapo unampaka tu, humkandi. Mafuta ya mnyonyo mazuri kwa nywele, lakini ni mazito, yananata na kuvuta nywele moja moja. Mwenye mba usimwachie mafuta kichwani hata ya bei gani: fangasi wa mba chakula chake ni mafuta hayo hayo. Huyo mkande akiwa na shampuu, umsuuze.

Shangazi hakuwa na mba. Alikuwa amefumua rasta jana yake, na aliyewahi kukaa na rasta wiki sita anajua ngozi inavyolia siku hiyo. Hakuna kichwa kinachofaa zaidi kufundishia, ila kwanza unakipekua: kama kuna vipele, vidonda vya dawa ya kunyoosha nywele au mapunye, unaacha. Kilikuwa safi.

Kiganja cha kushoto nikakiweka kwenye paji la uso, kichwa kikaegemea. Hii watu huiruka. Kichwa kisicho na pa kuegemea hujishikilia chenyewe, na shingo iliyo kazini hailegei hata ukande mpaka magharibi. Mkono wa kulia ukaanza juu ya masikio kwa nyama za ncha za vidole. Kucha hazihusiki, wasimamizi wa bibi harusi wote walikuwa wamebandika kucha, nikawaambia leo wao ni watazamaji. Vidole vinatulia mahali pamoja, na ngozi yenyewe ndiyo inayozungushwa juu ya mfupa, mizunguko mitano au sita, kisha unahamia mbele kidogo. Ukisikia nywele zinakwaruzana chini ya vidole, unasugua. Simama, bonyeza kidogo, anza tena.

Kwenye panja nilimwambia shangazi aume meno, nikamshika mwali kidole nikakiweka pale. Akashtuka: "Kinatembea!" Ndiyo, ule ni msuli wa kutafunia, na mtu anayelala akisaga meno au anayeshinda amekunja uso kwenye kompyuta huwa amejaa pale. Unauzungusha taratibu sana, bila nguvu. Nguvu iweke kisogoni, kwenye vishimo viwili chini ya mfupa, kulia na kushoto kwa uti wa shingo. Dole gumba moja huku, kidole cha kati kule, unabonyeza kuelekea juu wakati anatoa pumzi, unashikilia sekunde 10. Shangazi alitoa sauti iliyowafanya wakwe wacheke hadi mmoja akamwaga soda.

Ndipo tukafika kwenye kuvuta. Mwali alishika ncha za nywele akavuta.

"Wee mtoto! Unang'oa mahindi?"

Ncha hazivutwi. Nywele chache zikivutwa kwa ncha, uzito wote unaangukia mashina machache, na kila shina limezungukwa na mishipa ya fahamu, kwa hiyo yanauma kweli. Unatanua vidole, unaviingiza kuanzia kisogoni kupanda juu, kiganja kikilalia ngozi. Nywele za kwetu ambazo hazijatiwa dawa usijaribu kuzichana kwa vidole. Ingia chini kabisa, kwenye ngozi. Kisha unafunga ngumi polepole ukiwa umekamata fungu kubwa, ngumi imegusa kichwa. Hapo vuta kufuata zinakoelekea kuota, mpaka uone ngozi imeinuka kidogo tu. Shikilia pumzi mbili tatu. Kuachia kunachukua muda mrefu kuliko kuvuta, na ukiachia ghafla umeharibu kazi yote. Kama kichwa kinafuata mkono wako, umezidisha. Kama mabega yameshuka na vinyweleo vya mikononi vimesimama, endelea hivyo hivyo, usiongeze.

Mama mmoja akauliza kama kuvuta hakuleti upara. Kinacholeta upara ni kuvutwa usiku na mchana kwa wiki na miezi: rasta nzito, mkia uliokazwa, wigi lililoshonewa juu ya mistari iliyobana. Huanzia pembeni mwa paji, kwenye vile vinywele laini, na ukichelewa havioti tena. Ndiyo sababu ukingo wa mbele sikuugusa, na ndiyo sababu aliyesuka leo havutwi leo.

Somo akanyanyua kiti chake akakisogeza. "Sasa mfundishe mwendo," akasema, "maana huo ndio wenyewe." Alikuwa na haki. Ngozi yenye nywele ina mishipa ya fahamu inayoitikia mguso wa taratibu, ule wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Kutoka paji hadi kisogo ukipitia utosini ni zaidi ya sentimita 30. Ukiimaliza njia hiyo kwa sekunde moja umempangusa vumbi. Mpe sekunde 10. Nyuma ya masikio na kwenye ukosi, mpe zaidi. Yaliyobaki ya nyuma ya masikio somo aliyaeleza mwenyewe, nami siyaandiki hapa, ila alisisitiza jambo ambalo wengi hawalisemi: mume au mke usimkamate nywele kwa kumshtukiza. Wapo walioburutwa kwa nywele utotoni, na mkono huo huo wa mahaba kwao ni kipigo. Muulize siku mkiwa mnacheka.

Mwali akainua mkono kama yuko darasani. "Fundi, wangu ananyoa para."

Para hakuna cha kuvuta, lakini ngozi ipo. Weka viganja viwili juu ya masikio, fumbata, sukuma ngozi yote kuelekea utosini, shikilia, achia polepole. Halafu kiganja kimoja mbele na kingine kisogoni, ngozi iende mbele na nyuma. Tone mbili tatu za mafuta zinatosha, tena siku ya pili baada ya kunyoa, maana wembe ukiwa umepita tu panawasha.

Shangazi alikataa kutoka kwenye kiti akidai upande wa kushoto haukupata haki yake. Nyuma yake foleni ilishafika kwenye geti, na mpishi alikuja mara mbili kulalamika kwamba pilau linapoa.