Wamakonde wa Makongeni

Kondakta wa basi la Tanga alinitoza nauli ya begi ambayo abiria wa pembeni yangu hakutozwa. Horohoro nikabadilisha fedha, nikapewa noti zilizochakaa hadi makanga wa matatu kule Lunga Lunga akazikataa mbele za watu. Nikafika Msambweni magoti yanauma kwa kubanwa, na bodaboda akataka shilingi 300 za Kenya kwa mwendo ambao kwetu Newala ningelipa buku tu, yaani shilingi 1,000 za Tanzania.

"Waenda kwa Wamakonde?" akaniuliza. Yeye ni Mdigo. "Hao wetu. Mke wangu katoka huko."

Makongeni nilimkuta mzee chini ya mkorosho, gogo la mpingo katikati ya miguu, tezo mkononi. Mashavuni alikuwa na chale kama za marehemu bibi yangu. Nilipomwamkia kwa Kimakonde aliweka tezo chini, akanishika mkono, asiuachie.

"Mjukuu wangu, mto Ruvuma upande gani?"

"Upande wa Tanzania, babu."

"Sisi wa Mueda, Msumbiji."

Nilinyamaza. Kwetu mtu wa Mueda haitwi Mmakonde, anaitwa Mmawia, tena kwa dharau. Nimekua nikiona posa zao zikirudishwa. Bibi aliapa hatuna udugu nao, na ukisimama ukingoni pale Newala unaiona nchi yao ng'ambo ya bonde.

Baba yake babu huyu alikuja miaka ya 1930 kukata mkonge wa wazungu. Mwanawe akazaliwa hapahapa Kwale, Kenya ikapata uhuru 1963, na bado yeye akabaki mgeni. Kabila lake halikuwamo katika makabila yaliyotambuliwa, hivyo kitambulisho hakupata. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna kusajili laini ya simu, na ukikutana na polisi barabarani ni mashaka. Oktoba 2016 Wamakonde wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Akaagiza wapewe vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Babu alikitoa chake ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili, akanipa nikisome kwa sauti. Nikasoma. Akataka nirudie.

Tanzania haijauliza kabila la mtu kwenye sensa tangu 1967, na siku zote nimelionea fahari jambo hilo. Lakini Newala hatukuhitaji fomu ya serikali ili kumtenga mtu wa Mueda. Tulimtenga wenyewe, vikaoni na harusini. Kwale nako wajukuu wa babu walikuwa wakicheza uani wanagombana kwa Kidigo kitupu. Serikali imewaandika Wamakonde wakati wao wanazidi kuwa Wadigo, na mama zao wengine ni Wadigo hasa. Babu halimsumbui hilo. Linalomsumbua ni bei ya mpingo, ambao sasa ni adimu na wanunuzi wanataka kinyago kwa bei ya kuni.

Jioni shangazi alipiga simu kutoka Newala. Nikamweleza niko wapi.

"Ni Wamakonde kweli hao, au Wamawia?"

"Ni Wamakonde, shangazi."

"Wa wapi?"

Nikampa babu simu. Walianza kwa kuulizana koo, wakaingia kwenye korosho, kisha magonjwa, mpaka salio la shangazi likaisha. Akaongeza, akapiga tena.