Kizimba cha chatu: hatimaye gamba limetoka zima

Asubuhi ya leo nimelikuta gamba la chatu wangu, Python regius jike mwenye umri wa miaka minne, likiwa nyuma ya gogo, zima kuanzia puani hadi ncha ya mkia. Nimelilowesha, nikalikunjua taratibu, kisha nikakagua sehemu ya kichwa kwa lenzi: vifuniko vya macho, yaani magamba angavu yanayoyafunika macho, vimo vyote viwili. Mara mbili zilizotangulia alijivua vipandevipande, na mara ya pili kifuniko cha jicho la kushoto kiling'ang'ania hadi daktari wa mifugo alipokitoa. Furaha niliyo nayo leo ni kubwa.

Joto halikuwahi kunisumbua. Themostati huzuia sehemu ya kuotea joto isivuke nyuzi 32, upande wa baridi hukaa kwenye 26, na kila upande una ficho finyu linalomgusa mgongo na mbavu anapojikunja. Kilichonitesa kwa miezi mitano ni unyevu wa hewa. Nilitaka asilimia 60 hadi 70. Kila jioni nilinyunyiza maji, mshale wa kipimo ukapanda hadi 80, na kabla ya muda wa saa tatu kupita ulikuwa umerudi 50. Nilipozidisha kunyunyiza, matandiko yalilowa juu yakabaki makavu chini, hali ambayo ni mbaya kuliko ukavu wenyewe, kwa kuwa nyoka anayelalia unyevu mchana na usiku huoza magamba ya tumbo.

Ndipo nilipoanza kukitilia shaka kipimo chenyewe. Nilichanganya chumvi na maji kidogo hadi ikawa uji mzito, nikaiweka pamoja na haigromita (kipimo cha unyevu wa hewa) ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, nikaacha usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Haigromita yangu ya mshale ilisoma 88. Kumbe zile 50 nilizokuwa nikizihuzunikia zilikuwa chini ya 40! Sitaki tena kuona kipimo cha mshale ndani ya kizimba, hata kiwe kizuri namna gani kwa sura.

Vipimo viwili vya kidijitali vilipita mtihani wa chumvi, lakini nilipoviweka kizimbani kimoja kilisoma 55 upande wa baridi na kingine 39 upande wa joto. Nilivibadilisha nafasi, na namba zikabaki palepale zilipokuwa. Hapo nikaelewa kwamba ni hewa ileile yenye mvuke uleule: ikipashwa kutoka nyuzi 26 hadi 32, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka, na asilimia inayosomwa hushuka. Nilikuwa nikidai 60 chini ya taa ya joto, mahali ambapo haikuwa rahisi kuipata bila kuugeuza upande wa baridi kuwa kinamasi.

Tatizo lililobaki lilikuwa kifuniko cha wavu, ambacho kiliruhusu hewa ya moto kupanda na kutoka na mvuke wote. Karatasi ya alumini ilichanika. Utepe wa gundi sikuugusa, na ningemsihi kila mfugaji asiutumie ndani ya kizimba, kwa sababu nyoka akinaswa nao hung'oka magamba. Nimekata bamba la akriliki linalofunika robo tatu ya wavu, nikaacha nafasi kuzunguka taa na mwanya upande wa pili ili hewa isituame ikaleta ukungu. Matandiko ya makumbi ya nazi sasa yana kina cha sentimita 10, na maji nayamimina kwenye pembe yakazama chini huku juu pakibaki pakavu. Kipimo cha upande wa baridi hakijashuka chini ya 68 kwa wiki tatu, na macho yake yalipoingia ukungu, dalili kwamba anakaribia kujivua, niliongeza kisanduku chenye kigoga (moss) kibichi, ambacho alikaa ndani yake siku nne.

Wiki hii nilikusudia kujenga ukuta wa mawe ya kuigiza kwa povu, nalo povu bado limo mfukoni, maana tangu asubuhi ninachora kizimba kipya cha mbao iliyozibwa vinyweleo, urefu sentimita 120, chenye milango ya kioo mbele na matundu ya hewa ubavuni, bila wavu wowote juu.