Mikwaruzo Ndani ya Mfuniko

Nimerudi kutoka kwenye gulio la Plainpalais, hapa Geneva, na saa ya mfukoni ya fedha. Tangu jioni sijaweza kuiweka chini.

Nimeifungua mfuniko wa nyuma kwa ukucha. Ndani kuna muhuri wa dubu, mdogo kama punje ya mtama. Dubu huyo alitokana na sheria ya Uswisi ya mwaka 1880: maana yake sehemu 875 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Dhahabu ya karati 14 ilipewa muhuri wa kindi.

Lakini kilichonishika ni mikwaruzo. Mafundi wa zamani, saa ikifika mezani kwao, walichora ndani ya mfuniko alama na tarehe kwa ncha kama ya sindano, ili ikirudi kila mmoja aijue kazi yake. Kwa kioo cha kukuzia nimeona minne. Wa kwanza unasomeka 1903, wa mwisho 1951. Karibu nusu karne kuna watu waliokuwa wakiipeleka kusafishwa, pengine kubadilishwa kamani, ile springi inayoiendesha, wala hawakuitupa.

Saa yangu ya kwanza niliipeleka kung'arishwa. Ikarudi inametameta, maua yaliyonakshiwa mgongoni yamefutika, na ndani kweupe kabisa, hata muhuri haupo. Fundi alinipa nilichomwomba. Nikiishika mpaka leo roho inaniuma.

Wenzangu wengi wanafuata majina. Saa ambayo kampuni ya Patek Philippe ya hapa Geneva ilimtengenezea tajiri wa Marekani, Henry Graves, ikamkabidhi mwaka 1933, iliuzwa katika mji huuhuu Novemba 2014 kwa karibu dola milioni 24. Ni kazi ya ajabu, sibishi. Ila mimi napenda saa ambayo mtu wa kawaida aliidunduliza, akaitunza.

Uso wake wa enameli una ufa mwembamba kama unywele, karibu na tarakimu ya sita. Akrabu zilikuwa zimelala kwenye saa nane na dakika ishirini. Nimeitia ufunguo polepole, mizunguko michache tu, nikaisogeza sikioni. Kimya. Nikaitikisa kidogo, ikaamka: mapigo matano kila sekunde, yakisitasita kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Mafuta yamekauka, nikaiacha isimame yenyewe.

Jumatatu nampelekea fundi. Sitaki aing'arishe. Nitamwomba tu, akimaliza, achore alama yake chini ya ile ya 1951.