Unga chini ya kitanda: nilivyowamaliza dumuzi wa mbao

Jamani kitanda kimetulia, naandika ili mwingine asihangaike. Kila nikifagia nakuta unga tena chini ya chaga, na mbao ina vitundu vya duara vya kama milimita 1 hadi 2. Mchwa hapana, wale wa ardhini huacha njia za udongo na wa mbao kavu huacha vipunje vigumu, ukivisugua vidoleni unavisikia, huu wangu laini kama poda, basi ni dumuzi.

Nikapuliza dawa ya kopo, nikaziba matundu kwa nta, wapi! Matundu yale ni ya kutokea, mdudu aliyekomaa keshaondoka, wanaokula ni watoto wake, funza walio ndani.

Kilichofanya kazi ni dawa ya borati, ile ya unga, unaikoroga kwenye maji ya moto kwa kipimo cha kwenye pakiti. Ila hapa sikiliza vizuri: vanishi haipitishi dawa. Nikafungua chaga zote, nikapiga msasa mpaka mbao ikabaki tupu, hasa upande wa chini na kwenye ncha zilizokatwa maana huko ndo inanyonya sana, nikapaka kwa brashi mpaka ikalowa, ikinyonya narudia. Vaa glavu, watoto wakae mbali. Ikikauka kabisa ndo unapaka vanishi upya.

Unga kidogo unaweza kudondoka bado, msishtuke. Mimi nilizungushia matundu ya zamani penseli nikatandika karatasi nyeusi chini, na mpaka sasa tundu jipya hakuna.