Nilivyosimamia mkataba wa mwendeshaji binafsi kwenye mradi wa maji wa kijiji

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2019, ile iliyoanzisha RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, inatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO. Nilisimamia mkataba wa ubia kwa niaba ya chombo kimoja cha aina hiyo. Kisima, tangi na mabomba vilibaki mali ya umma. Mwendeshaji alileta dira za malipo ya kabla, mafundi na mtaji wa kuendeshea. Bei ya maji hakupanga yeye. Ilipita kwenye chombo na RUWASA.

Kabla ya kuzungumza fedha na mtu yeyote tulifunga dira kuu kisimani. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoua ubia, kwa sababu bila dira hiyo hakuna anayejua maji yanapotelea wapi, na kila upande unamshuku mwenzake. Pampu yetu ilitoa mita za ujazo 6 kwa saa, saa 8 kwa siku, yaani 48. Yaliyouzwa vituoni yalikuwa 36. Pengo hilo la robo nzima tuliliandika kwenye mkataba kama hali ya kuanzia, pamoja na kina cha pampu, nguvu ya mota na usawa wa maji kisimani kabla ya kusukuma.

Mwendeshaji alitaka kulipa kodi moja ya kila mwezi. Nilikataa, na ningekataa tena. Masika watu hukinga maji ya mvua na mauzo hushuka hadi nusu. Mwenye kodi isiyobadilika ataanza kuruka matengenezo ili aipate. Badala yake tuligawana kwa kila uniti iliyouzwa. Ndoo ya lita 20 ikiwa Sh 50, uniti, yaani mita moja ya ujazo, ni ndoo 50, sawa na Sh 2,500. Mwendeshaji alichukua 1,300, nishati na ulinzi 300, chombo 300, na 600 zikaingia mfuko wa akiba wa pampu. Kwa uniti 36 kwa siku, akiba ni Sh 648,000 kwa mwezi wa siku 30. Hata miezi minne ya mvua ikipunguza mauzo kwa nusu, mwaka unaisha na Sh 6,480,000. Fedha hizo hukatwa kwanza, kabla ya mgawo wa mwingine yeyote, na akaunti yake ina watia saini wa pande zote mbili.

Matengenezo yalihitaji mstari usio na utata. Ya chini ya Sh 200,000 ni ya mwendeshaji. Zaidi ya hapo yanatoka akiba, isipokuwa ikithibitika uharibifu umetokana na uzembe, mfano pampu kuendeshwa wakati kisima kimekauka. Radi tuliitaja kwa jina lake, maana kidhibiti cha pampu ya sola huungua nayo, na mzozo wa nani alipe unaweza kuacha kijiji bila maji wiki kadhaa.

Dira za malipo ya kabla zina tabia zake. Mchanga hukwamisha vali, kwa hiyo kila dira iwe na kichujio mbele yake, kisafishwe mara kwa mara. Maji yakikatika na kurudi, hewa iliyomo bombani huzungusha dira, na mama aliyelipia ndoo tatu anapata mbili. Hapo lawama humwangukia mwendeshaji, ingawa dawa ni vali ya kutoa hewa kwenye miinuko ya bomba. Shule na zahanati zipewe dira zao hata kama bei ya maji yao ni nafuu. Maji ya bure yasiyopimwa huhesabiwa kama yamevuja.

Kila mwezi usomaji wa dira kuu, mauzo na salio la akiba yalibandikwa ofisi ya kijiji. Miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha, pampu hupimwa upya kwa vipimo vilevile vya mwanzo, na dhamana ya mwendeshaji hairudishwi mpaka fundi wa upande wa chombo atie saini.