Siku moja ya kuvuna soya, Namtumbo

Saa kumi na moja alfajiri tumeshaingia shambani: mimi, mdogo wangu na binti yangu, kila mtu na mundu wake. Wageni huniuliza kwa nini tunavuna gizani kama wezi. Ganda la soya likishakauka halina subira. Jua likipanda unalisikia linapasuka, ta, ta, punje zinaruka chini, na hiyo ni hela yako. Umande ndio unaolishika. Kwa hiyo tuna mpaka saa tatu hivi.

Majani yalishapukutika yote, imebaki miti mitupu ya kahawia. Tunakata chini kabisa, maana maganda ya kwanza hukaa karibu na ardhi. Hatung'oi. Ukiing'oa, udongo unaingia kwenye punje, na mizizi yenye vinundu, vile vinavyorutubisha udongo, inatoka shambani. Februari nilipasua kinundu kimoja kwa ukucha, ndani chekundu kama nyama mbichi. Nikajua ule unga mweusi wa bakteria niliouchanganya na mbegu kivulini umefanya kazi. Mbolea ya kukuzia sikununua.

Saa mbili mikono inawasha. Maganda yana vinyweleo, na havichagui mwenye shati la mikono mirefu wala mifupi.

Saa tatu, chai na viazi vitamu. Tunaanika kwenye turubai.

Saa sita, jua tulilolikimbia asubuhi sasa ndilo tunalolitaka. Tunapiga kwa fimbo. Za mbegu nazipukuchua kwa mkono, kwani ngozi ya punje ni nyembamba, fimbo ikiijeruhi haioti. Tena mbegu ya soya haikai. Mwaka mmoja nilipanda ya misimu miwili nyuma, zikaota kama meno ya mzee.

Saa tisa pikipiki ya mnunuzi ikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akachota punje, akatafuna moja, akatema. "Mama, hizi mbichi. Tutakata kilo mbili kila gunia."

Mbichi! Nimezianika siku nne za mwanzo wa wiki, hizo za gunia la kwanza. Nikamwambia angoje. Nikaleta chupa kavu, nikatia chumvi kavu na kiganja cha soya, nikatikisa, nikaiacha dakika kumi. Chumvi yote ikatelemka, hata chembe haikuganda kwenye kioo; zingekuwa mbichi, ingeganda. Akaitazama chupa, akanitazama mimi.

"Sawa, lakini ni ndogondogo."

Kisha akafungua debe lake. Lilikuwa limegongwa kwa ndani likatutumka tumbo. Debe langu likijaa ni kilo 15 hivi. Lake tulipolipima kwenye mizani ya jirani lilibeba 18. Akasema ndivyo linavyotumika kila mahali. Nikasema basi tupime kwa kilo. Akasema hana mizani. Nikamwonyesha ya jirani, bado ipo pale pale. Akapiga simu, akazunguka mwembe, akarudi na bei ya chini kuliko aliyokuja nayo. Tulibishana mpaka kivuli cha mwembe kikafika jikoni. Mgongo unauma, nazungumza nimeegemea gunia langu mwenyewe.

Akaondoka bila kitu. Nitapeleka ghala la ushirika, nikangoje mnada.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi nilipomaliza kupepeta. Giza lilishaingia. Binti yangu alikuwa amepiga magoti nje ya turubai na tochi ya simu, anaokota zilizoruka, moja moja. Alijaza kikombe.