Mshika daftari wa mapangoni

Kwenye kikundi chetu cha wapanda milima hapa Mbeya, mimi ndiye mshika daftari: tukiingia mapangoni, napima na kuchora ramani yake. Wenzangu wanabeba kamba na maji. Mimi nabeba dira, futi ya mita 30, kipimo cha mteremko na penseli. Kalamu ya wino siitaki, mle ndani unyevu unaifuta kazi yote.

Siku hizi mtu akishapiga picha kwa simu anasema pango limeshawekwa kwenye kumbukumbu. Sikubali hata kidogo. Picha inakuonyesha ukuta, haikwambii ukuta huo unaelekea wapi. GPS nayo ni ya mlangoni tu, ukishazama ndani haishiki. Huko tunakwenda kwa vituo: mwenzangu anatangulia na tochi hadi mwisho wa ninapomwona, tunavuta futi, naandika. "Mita 7.4, dira 215, chini 12," yaani umbali, kisha mwelekeo na mteremko kwa digrii. Halafu nachora kuta, dari na mawe yaliyoporomoka, ndipo tunasogea. Wenye haraka hununa, wacha wanune. Tarehe haikosekani kamwe, kwa sababu kaskazini ya dira huhama kidogo kidogo, na atakayepima baada ya miaka 30 lazima ajue cha kurekebisha.

Mapango ya Popo ya Songwe ndiyo shule yangu. Yamo kwenye chokaa iliyojengwa na chemchemi za maji moto, na watu wamechimba humo kinyesi cha popo kwa mbolea. Sakafu inayochimbwa inashuka, kwa hiyo napima kutoka sakafuni hadi darini palepale kila tunapokwenda. Barakoa ni lazima, vumbi la kinyesi hicho linaweza kuwa na kuvu wa kudhuru mapafu. Tukikuta popo wenye watoto tunageuza, nami naandika: "Tumeishia hapa, popo wananyonyesha, njia inaendelea." Kwangu huo ndio mstari mzito kuliko yote. Usipoandika umeishia wapi na kwa nini, ajaye ataona karatasi tupu na kudhani pango limekwisha.

Tukiona kigae cha chungu au mfupa, tunapima, tunachora, tunauacha ulivyolala. Kule Mlambalasi, Iringa, alikofia Mkwawa, chifu wa Wahehe, mwaka 1898, watafiti wamefukua mifupa ya watu wa Zama za Mawe. Mfupa ukishang'olewa bila kuandikwa ulikuwa tabaka gani la udongo, hauna tena la kusema.

Jina la pango nalichukua kwa wenyeji, sibuni. Mzee mmoja upande wa Mbalizi, tulipomwamkia na kumweleza shida yetu, alinijibu: "Jina andika, mwanangu. Njia usimpe kila mtu, pale tunatambikia." Tangu hapo vipimo vya mlango nimevitenga kwenye daftari dogo, silipigi picha wala silitumi kwenye kundi la WhatsApp. Anayetaka kwenda aje kwanza tuonane, kisha nimpeleke kwa mzee akaombe mwenyewe.